Naomba ushauri: sianotaipu kwenye kitambaa cha marekani inavuja buluu

Wakuu, tunaandaa picha za sianotaipu (picha za buluu zinazochapwa kwa dawa ya chuma na mwanga wa jua) kwenye kitambaa cha marekani kwa ajili ya maonyesho. Amonia feri sitreti gramu 25 kwa mililita 100 za maji, potasiamu ferisianidi gramu 10 kwa mililita 100, kisha tunachanganya nusu kwa nusu. Kitambaa ni pamba tupu (poliesta haishiki kitu), kimefuliwa kutoa wanga, kikapakwa na kukaushwa gizani. Jua la saa sita, dakika 12.

Shida iko kwenye kusuuza: buluu inavuja, sehemu nyeupe zinabaki na ukungu wa samawati, hasa penye mikunjo. Negativu (picha iliyogeuzwa inayowekwa juu ya kitambaa kuzuia jua) ni nyeusi ya kutosha. Je, siki kidogo kwenye maji ya kwanza itasaidia, au dawa imepakwa nzito mno? Na vumbi likishika, kifuliwe na nini? Sabuni ya magadi inageuza buluu kuwa manjano.