Mjadala: Je, ilikuwa halali kumfanya kachero wa Stasi kuwa mtu mwema?

Msemaji aliyetangulia ameitetea filamu ya Kijerumani Das Leben der Anderen, iliyotolewa mwaka 2006 na kutwaa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba sanaa haidaiwi stakabadhi. Nakubaliana naye nusu. Kwa ambao hawajaitazama: ni Berlin Mashariki, mwaka 1984, Kapteni Wiesler wa Stasi, chombo cha usalama wa taifa cha Ujerumani Mashariki, anakaa darini akimsikiliza mwandishi wa tamthilia aliyetegewa vinasa sauti nyumba nzima, na kadiri siku zinavyokwenda anamwonea huruma, hata anaandika taarifa za uongo ili kumkinga.

Hapo ndipo ninapokataa. Hubertus Knabe, aliyeongoza makumbusho ya gereza la zamani la Stasi huko Hohenschönhausen, aliwanyima watengenezaji ruhusa ya kurekodi humo, kwa kuwa hakujulikana ofisa hata mmoja aliyewahi kutenda hivyo. Wala hili si suala la roho mbaya tu. Kazi iligawanywa: huyu anasikiliza, yule anafungua barua kwa mvuke, mwingine anapokea maneno ya watoa habari, na maofisa wenyewe walikuwa wakichunguzwa, hivyo uongo wa mmoja ungegongana upesi na makaratasi ya wenzake.

Ukweli umo katika filamu hiyo hiyo, ila umepewa dakika chache mno. Mafundi wakiisha kutega nyaya, Wiesler anagonga mlango wa mama jirani aliyekuwa akichungulia kwenye tundu, na kumwambia kwamba akitamka neno lolote, binti yake atapoteza nafasi ya kusomea udaktari. Kisha anaagiza mama huyo apelekewe zawadi kwa ushirikiano wake. Baadaye mwandishi, asiyejua lolote, anamwomba jirani huyo huyo amfungie tai. Mama anaifunga, anajua kila kitu, na hasemi.

Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu takriban milioni 16. Mwanasiasa Vera Lengsfeld, majalada ya Stasi yalipofunguliwa, aligundua kwamba mtoa habari aliyeandikwa kwa jina la "Donald" alikuwa mumewe. (Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angethubutu kubuni jina hilo.)

Najua nitajibiwa kwamba Ulrich Mühe, aliyecheza nafasi ya Wiesler, alitoka Ujerumani Mashariki na alisema kuwa naye alipelelezwa. Namheshimu, lakini yeye alikuwa upande wa waliosikilizwa, na huruma aliyompa kapteni ilitoka kwake, si kwa Stasi.

Basi namwuliza msemaji: kama filamu ingemfuata yule mama jirani tangu mwanzo hadi mwisho, badala ya kapteni, bado angeiita nzuri?