Nondo kwenye nguo za maonyesho, naomba ushauri

Wakuu, habari za Iringa. Tunaandaa maonyesho madogo ya mavazi ya zamani: kaniki, kanga na blanketi moja la sufu. Mwanga hauzidi lux 50, pini za chuma zimetolewa kwa sababu ya kutu. Shida ni nondo kwenye blanketi. Najua utaratibu wa kuwaua kwa kugandisha: mfuko wa nailoni uliobanwa hewa yote, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili, kisha saa 24 nje bila kufungua, maana ukiwahi, unyevu hutua kwenye nguo na ukungu huanza. Friza letu linaishia nyuzi 18 chini ya sifuri, na umeme unakatika. Niongeze siku au nirudie awamu ya pili? Na kwa kukosa karatasi isiyo na asidi, kitambaa cha amerikani kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri kinatosha kufungia? Naombeni msaada, blanketi linaliwa.