Tupeane uzoefu: Kamera za mkanda, ipi ya kupigia na ipi ya kuacha kabatini

ShataMoja
Wakuu, habari za wikendi. Kila mgeni anayeingia kwenye kamera za mkanda (filamu) huuliza "ninunue ipi?", na sisi humjibu kwa majina. Hilo halimsaidii. Kamera ya miaka 50 hainunuliwi kwa jina, inanunuliwa kwa hali yake. Kwa hiyo anayechangia hapa ataje kamera, kinachoharibika kwanza, na namna ya kukikagua kabla hela haijatoka mfukoni.

Naanza na Pentax K1000. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ndiyo maana bado zimejaa sokoni na lenzi zake si za kutafuta kwa tochi. Ni mitambo mitupu: betri moja ya LR44 inaendesha mita ya mwanga tu. Betri ikifa, shata (mlango unaopitisha mwanga kwenye mkanda) inaendelea kwa spidi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Udhaifu wake ni kwamba mita haina swichi. Mwanga ukiingia kwenye lenzi, betri inaliwa, hata kamera ikiwa imelala mezani. Dawa ni kifuniko cha lenzi, basi.

Ukaguzi wa shata: fungua mgongo bila mkanda, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, elekeza angani, piga 1/1000 huku unachungulia kwa nyuma. Lazima uone mstatili mzima uking'aa. Upande mmoja ukibaki mweusi, basi kati ya mapazia mawili ya shata yanayofuatana, la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari, na kila picha ya jua kali itatoka na ukanda wa giza pembeni. Kwa spidi za chini tumia simu yenye video ya polepole ya fremu 240 kwa sekunde. Ukipiga 1/30, shata ionekane wazi kwenye fremu kama 8. 1/15 kama 16. 1/8 kama 30. Kuanzia 1/125 kwenda juu njia hii haina uhakika, fremu zinakuwa chache mno kuhesabika.

PwaniLenzi
Nakazia hilo la hali. Kwa sisi wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar, adui wa kwanza si shata, ni kuvu ndani ya lenzi. Hustawi hewa inapokuwa na unyevu mwingi na lenzi ikikaa gizani bila kuguswa.

Kukagua: fungua tundu la lenzi lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi, kisha chungulia kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo, usitazame taa moja kwa moja. Nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu. Weupe uliosambaa sawasawa ni ukungu wa mafuta yaliyopanda kwenye kioo, huo fundi anausafisha. Rangi za upinde kwenye ukingo ni gundi ya vioo viwili inayoachia, na hiyo iacheni, kuitengeneza ni ghali kuliko lenzi nyingine. Vumbi chache hazina madhara, msizikatalie lenzi nzuri kwa ajili ya vumbi.

Kuvu changa husafishika, ila ikishakaa sana inakula tabaka la juu la kioo na alama haitoki. Picha za kupiga kuelekea jua zitakuwa na ukungu siku zote.

Kuhifadhi: ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pakiti za silika jeli ndani, na kipimo kidogo cha unyevu. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo uitumie tena. Mkoba wa ngozi ni wa kubebea tu. Ngozi inashika unyevu, na kuhifadhi kamera humo mwaka mzima ni kuifuga kuvu.

Mgeni_wa_Mkanda
Wakuu shikamooni. Kuna Canon AE-1 nimeonyeshwa, inang'aa kabisa, ila ukipiga inatoa mlio kama bawaba inayolia. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo. Niichukue?

FundiBisibisi
Marahaba. Sivyo zilivyo, ila si ugonjwa wa kufa. AE-1 ni ya 1976, na mlio huo unatokana na mafuta yaliyokauka kwenye gia za kioo cha ndani, kile kinachopeleka picha kwenye dirisha la kuchungulia. Tone dogo la mafuta ya saa, likifikishwa mahali pake hasa, linaumaliza. Ukiuacha, kioo kinazidi kuwa kizito na mwendo wa shata unaanza kuyumba. Mtu asikudanganye kwa kupuliza mafuta ya bawaba kupitia mdomo wa lenzi, yatarukia kioo na mapazia na hapo ndipo kamera inakufa kweli. Kata bei ya fundi kwenye bei yake.

Jambo la pili kwa AE-1: bila betri ya 6V aina ya 4LR44, shata haifyatuki kabisa. Nunua mbili, moja ikae kwenye mkoba. Kagua pia kijilango cha betri, kipini chake cha plastiki huvunjika watu wanapokifungua kwa kucha. Tumia kijiti.

Kama bajeti inaruhusu na kazi ni ya safari, mimi nampa mtu Nikon FM2. Ilitoka 1982, inafika 1/4000, na spidi zote hizo hazihitaji betri. Jua letu la saa sita linaitaka spidi hiyo, hasa ukitaka kufungua tundu la lenzi ili nyuma ya mtu pafifie. Mapazia yake ni majani membamba ya chuma. Fungua mgongo uyatazame kwa makini: jani lililopinda au lenye alama ya kidole kilichosukuma, rudisha kamera kwa mwenyewe. Halafu lenzi: FM2 inataka lenzi za Ai (aina ya Nikon iliyoanza 1977) na zilizofuata. Zile za Nikon za kabla ya 1977 zisizobadilishwa pete zitaiumiza, usilazimishe.

Mama_Negativu
Nyie wanaume mnasahau kamera ndogo. Si kila mtu anataka kuzungusha pete tatu mtoto akiwa anakimbia.

Olympus Trip 35, 1967 hadi 1984. Haina betri kabisa. Inatumia seli ya seleniamu kuzunguka lenzi, na yenyewe inachagua kati ya spidi mbili tu, 1/40 na 1/200. Wewe unachagua umbali kwa michoro: mita 1, mita 1.5, mita 3, na mlima kwa vya mbali. Weka pete kwenye A, yaani otomatiki.

Kuikagua ni sekunde kumi. Ziba lenzi yote kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu lazima kiinuke kwenye dirisha la kuchungulia na shata ikatae. Ondoa kiganja, elekeza nje kwenye mwanga, bonyeza tena, ipige. Ikikataa na juani, seli imekufa au sindano imekwama. Ikikubali gizani, vivyo hivyo ina kasoro. Seli hizi huchoka kwa kukaa kwenye mwanga miaka mingi, kwa hiyo iliyokaa na kifuniko ina thamani kuliko iliyopambwa dirishani. Mwisho wake ni mkanda wa ASA 400 (ASA ni ile ile ISO, wepesi wa mkanda kwa mwanga), na ndani ya nyumba jioni usiitegemee bila fleshi.

Yashica Electro 35 nayo ni nzuri, lenzi yake ya f/1.7 inapiga kwenye mwanga hafifu. Ila sikiliza unapovuta mkanda: lazima usikie "tok" nzito. Ukimya maana yake kipande cha mpira ndani kimeoza, na kukibadilisha ni kufungua kamera nusu nzima. Betri yake ya asili ya 5.6V haitengenezwi tena, 4LR44 na springi ndogo ya kujazia nafasi inatosha.

Mrusi_Mkongwe
Kwa wenye hela ndogo: Zenit E na lenzi ya Helios 44-2, 58mm f/2. Nzito, spidi ni 1/30 hadi 1/500 pamoja na B (shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza), na tundu la lenzi unalifunga mwenyewe kwa pete kabla ya kupiga. Ukisahau, picha yote inaungua kwa mwanga. Mita yake ya seleniamu mara nyingi imechoka, ichukulie kama pambo.

Onyo moja kwa Zorki 4 na ndugu zake FED: vuta mkanda KWANZA, ndipo ubadilishe spidi. Ukizungusha kirungu cha spidi shata ikiwa haijavutwa, unaweza kuvunja pini ya ndani. Na kamera hizi hazina kioo cha ndani cha kuyakinga mapazia ya kitambaa. Ukiiacha juani lenzi ikitazama jua bila kifuniko, lenzi inakusanya moto na kutoboa tundu kwenye pazia. Leica M zina hatari hiyo hiyo.

ShataMoja
Asante Mama Negativu, umetukumbusha. Kuna swali limeingia kwangu faragha kuhusu mita inayodanganya kwenye Olympus OM-1 na Minolta SRT 101. Fundi?

FundiBisibisi
Betri. Hizo zilitengenezewa betri ya zebaki ya 1.35V, ambayo imeshapigwa marufuku. Ukiweka ya alkali ya 1.5V, mita inadhani kuna mwanga zaidi ya uliopo, inakuambia ufunge, na picha zinatoka nyeusi. Kibaya zaidi, volti ya alkali inashuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa halikai mahali pamoja na huwezi kulirekebisha kwa kubadilisha ASA mara moja ukalala.

Njia rahisi: betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, namba 675, inauzwa kwenye maduka ya dawa makubwa. Inatoa 1.4V na inakaa hapo hapo. Bandua kibandiko, subiri dakika chache ivute hewa, izungushie pete ya mpira ili ikae katikati. Itadumu miezi michache tu, utumie usitumie. Pentax Spotmatic haina shida hii, sakiti yake inavumilia tofauti ya volti.

Kwa OM-1 chungulia dirishani kwanza. Ukiona madoa au mstari mweusi, sponji iliyooza juu ya prizimu imeila fedha ya kioo. Mengine yote ya kamera hiyo nayapenda bila masharti.

Kanzu_na_f16
Msitegemee mita kupita kiasi. Jua likiwa wazi na vivuli vina ukingo mkali: tundu f/16, spidi sawa na ISO ya mkanda. Mkanda wa 200 ni 1/250, wa 400 ni 1/500. Kivuli cha mwembe mchana, fungua hatua tatu hadi f/5.6 (kila hatua ni mwanga mara mbili).

Mita inataka kila kitu kiwe kijivu. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa ataidanganya, na uso utatoka giza. Fungua hatua moja hadi moja na nusu. Au pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule wa uso: upande wa ndani wa kiganja una mwangaza wa takriban hatua moja juu ya kijivu, kwa hiyo ongeza hatua moja kwenye kipimo. Mkanda wa rangi wa negativu unavumilia mwanga kuzidi hatua mbili. Ukipungua hauvumilii, vivuli vinakuwa tope. Kwa hiyo ukisita, fungua.

Mgeni_wa_Mkanda
Nimekata bei, AE-1 imekuja. Ila mgongoni kuna kitu cheusi kinanata kama lami. Na nisafishe wapi mikanda?

Mama_Negativu
Hiyo ni sponji ya kuzuia mwanga, imeoza. Isipobadilishwa, picha zitakuwa na michirizi ya rangi ya machungwa. Ikwangue kwa kijiti cha mbao, siyo chuma, malizia kwa pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili. Mgongo ulio wazi uelekee chini ili uchafu usidondokee mapazia. Weka ukanda mpya wa sponji wa milimita 1.5 hadi 2 kwenye bawaba, na uzi mweusi wa sufu kwenye mifereji ya juu na chini. Kioo cha ndani usikiguse hata kwa pamba, fedha yake iko juu, inakwanguka.

Unapotia mkanda, geuza kirungu cha kurudishia taratibu hadi kibane, kisha vuta. Kirungu kikizunguka chenyewe, mkanda umeshika. Kisipozunguka, utapiga 36 za hewa.

Rangi peleka maabara. Nyeusi na nyeupe safisha nyumbani. Mkanda wa Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya kusafishia ID-11, iliyochanganywa sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba Dar hayafiki 20, mara nyingi yako karibu na 28, na muda unakuwa mfupi kiasi cha kusafisha bila usawa. Tumbukiza chupa za dawa kwenye beseni la maji na chupa ya barafu, shusha hadi 24, kisha fupisha muda uwe kama dakika 9. Dawa zote tatu na maji ya kuoshea viwe kwenye joto lile lile, mkanda ukitolewa kwenye moto ukaingia kwenye baridi ghafla, jeli yake inajikunja. Mahali pa maji ya shida: baada ya dawa ya kukazia, jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua 10, mwaga, jaza, pindua 20, mwaga. Tangi la mkanda mmoja linameza kama mililita 300, kwa hiyo lita moja inatosha.

PwaniLenzi
Naongezea kwa wasafiri. Mikanda ambayo haijasafishwa isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Weka kwenye mfuko unaoonekana ndani, mwombe mkaguzi aikague kwa mkono, hasa kwenye viwanja vyenye mashine mpya za CT, hizo zinaunguza mkanda hata wa ISO 200 kwa mara moja. Na mkanda ukitoka friji, uache saa moja ndani ya kikopo chake kabla ya kufungua, la sivyo umande wa pwani utatua juu yake.