Mjadala: Je, mwenye kamera alazimishwe kutunza picha za ajali?

Mchangiaji aliyetangulia ametoa hoja kwamba mahakama zisipokee video katika madai ya fidia za ajali za barabarani, kwa kuwa siku hizi video huchezewa kwa urahisi, na kwamba shahidi wa macho anatosha. Naheshimu hofu yake, lakini siafiki. Hapa Tanzania suala la kupokelewa lilikwisha kuamuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 18 kinazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kisha kinaitaka mahakama, inapoupima uzito wake, iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na chanzo chake kinavyotambulika. Swali zito lililobaki ni nani mwenye wajibu wa kuitunza video hiyo kabla haijafutika.

Swali hili limenigusa mwenyewe. Mdogo wangu aligongwa na gari akiwa abiria wa bodaboda, mbele ya kituo cha mafuta chenye kamera nne za ulinzi, akavunjika paja. Tulihangaika na PF3 (fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe), damu na upasuaji. Kamera tulizikumbuka wiki ya tatu. Meneja alitupokea kwa upole, akatueleza kwamba diski ya mashine inayorekodi picha za kamera hizo ikijaa hufuta picha za zamani ili kurekodi mpya, na za siku ile zilikuwa zimekwisha kufutika. Sheria ya Ukomo inampa majeruhi miaka 3 ya kufungua madai ya namna hii, ilhali ushahidi wake bora hudumu siku chache, tena zile zile ambazo yeye yuko kitandani hajiwezi.

Napendekeza kwamba trafiki anayechora ramani ya ajali alazimike pia kuorodhesha kamera zote zinazoelekea eneo hilo, na kumkabidhi kila mwenye kamera ilani ya maandishi ya kutunza picha za saa hiyo. Ikiwa aliyepuuza ilani ndiye mdaiwa mwenyewe, kwa mfano mmiliki wa basi lenye kamera ndani, mahakama iwe huru kuona kwamba picha hizo zingemuumbua.

Sisemi video iachiwe iamue peke yake. Gari lenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, hivyo kamera inayonasa picha 5 kwa sekunde huacha zaidi ya mita 3 kati ya picha na picha, na ndani ya mita hizo dereva anaweza kuwa amekwisha kukanyaga breki. Saa ya mashine nayo huenda haikurekebishwa. Ama vile vipande vya WhatsApp, ambavyo aghalabu huanza baada ya kishindo, havionyeshi kosa ni la nani; vinaonyesha watu wakivuja damu bila kusitiriwa, na inaniuma kila ninapotumiwa. Kwa hiyo msimamizi wa mashine afike mahakamani, aeleze picha zilivyotolewa, na ahojiwe.

Kuhusu mwenye duka dogo kubebeshwa gharama, kunakili saa moja ya picha kwenye flashi si mzigo mkubwa, na flashi yenyewe inunuliwe na mdai. Ningependa wanasheria walio humu wanijibu jambo moja: ilani hiyo itolewe na polisi pekee, au hata ndugu wa majeruhi aruhusiwe kuiandika siku ile ile?