Kutoka mjini hadi Shela kwa miguu, kuifuata filamu ya Subira

MamaRukia (Malindi)

Salaam aleikum. Naomba msaada wa watu wa Lamu.

Binti yangu ana miaka 11. Tangu tuangalie Subira, ile filamu ya Ravneet Sippy Chadha iliyotoka mwaka 2018, hana jingine. Kisa chake mnakijua: msichana wa Lamu anatamani kuogelea baharini, mila zinamzuia, kisha anaozwa na kupelekwa Nairobi. Rukia aliangalia kimya mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, bahari ile iko wapi?" Nikamwambia ni hii hii yetu. Akakataa kabisa. Ya kwetu anaijua vile inavyogeuka kahawia Mto Sabaki ukileta tope.

Likizo ya Agosti nataka nimpeleke akaione, na mwenyewe anataka kuogelea. Tutalala siku mbili. Sitaki tupande boti moja kwa moja mpaka kijiji cha Shela, nataka tutembee, tupite vichochoroni, kisha tufuate pwani. Tatizo nakuja na mama yangu, na goti linamsumbua. Njia inapitika? Na kuna anayejua hasa nyumba zilizopigwa picha?

Mtu wa Langoni

Karibu dada. Njia ni nyepesi. Anzieni uwanja wa Mkunguni pale mbele ya Ngome, fuateni pwani, bahari ikae mkono wa kushoto. Ni kama kilomita 3, dakika 45 mkienda polepole. Msitoke saa sita, jua litamuumiza mtoto.

BabaSwaleh (Shela)

MamaRukia, karibu sana. Ndugu yangu wa Langoni kasema kweli, ila kaliacha jambo ambalo ndilo njia yenyewe, nalo ni maji.

Mimi ni mtu wa Shela na kazi yangu ni kutembeza wageni. Pwani hii yakijaa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hakuna pwani tena, yanapiga ukutani, na mnabaki kutafuta njia ya ndani kwenye mchanga laini na mikoba kichwani. Kwa hivyo kabla ya kukata tiketi ya basi, angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, huku kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Siku hizo tokeni mjini saa tatu. Mchanga utakuwa mgumu, unakanyagika kama sakafu. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele karibu dakika 50, kwa hivyo msichukue za jana mkazitumia leo.

Na mkienda, mwambie Rukia habari ya maji haya. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la kisiwa cha Pate na la Mazrui, watawala wa Mombasa, lilikuja kuipiga Lamu, likashuka hapa hapa Shela. Waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yameshatoka, vyombo vimepwelewa juu ya mchanga. Wakauawa pale ufuoni. Mimi hadithi hiyo nilipewa na babu yangu tumesimama pale pale, na mpaka leo maji yakitoka siwezi kupaangalia kama ufuo mtupu.

Sasa hilo la nyumba. Dada, nisamehe, sitakutajia. Waliotengeneza filamu walibisha hodi, wakakubaliwa, wakamaliza kazi yao, wakaondoka. Wenyewe bado wanakaa mle. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu kuna kikundi cha wapiga video kiliwahi kuweka vyuma vyao kwenye daka, pale ukumbini mlangoni, la mama yangu adhuhuri, yeye yuko ndani amelala. Mkeka aliokuwa ameanika dagaa waliukunja wakauweka chini kwenye njia ya punda. Alipofungua mlango akakuta watu sita wamempa mgongo. Hakusema neno, akarudi ndani akafunga. Mama yangu hakuwahi kumfungia mgeni mlango maisha yake yote, na siku ile alifunga.

Mtoto hatakosa kitu. Mpitishe mtaa wa Mkomani taratibu, mwambie atazame juu. Ataona vyumba vilivyojengwa juu ya kichochoro, kutoka nyumba hii kwenda ile. Sisi huita wikio. Wanawake walikuwa wakipita humo kutembeleana bila kushuka njiani. Mtoto aliyeielewa filamu ile akisimama chini ya wikio ataelewa zaidi kuliko nikimwonyesha mlango wa mtu. Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili nayo ipo, mle mnaingia kwa haki yenu na mnaona zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na ndani kote.

Jambo jingine, filamu hukata. Mtu hufungua mlango na mara kafika baharini. Kwa miguu kuna gati, kuna hospitali, kuna punda wamebeba saruji, kuna mafundi wanakwangua mashua. Msivipite mbio vitu hivyo.

Bi Zuhura

Mimi naongea na mama mwenzangu. Huyo mtoto anataka kuogelea, na mpaka sasa hakuna aliyemjibu.

Aogelee. Wanangu wa kike wote wanaogelea Shela, na nguo zao za stara. Ila Agosti ni kusi, bahari ya nje ina mawimbi makubwa. Msimpeleke mbali kule kwenye ufuo mrefu, ule wa kilomita 12, mkamwacha aingie peke yake. Kaeni karibu na kijiji. Mkondo wa kati ya Shela na kisiwa cha Manda una nguvu sana maji yakitoka, huvuta mtu mzima. Subirini yapwe, yatulie, yaanze kurudi. Mkifuata saa za BabaSwaleh mtafika yanatulia, mkipumzika kidogo na mahamri yenu yatakuwa yanaingia. Hapo aingie nawe umeshika mkono.

Bibi yake asitembee pwani yote. Atembee nanyi mjini, akae Mkunguni kivulini, kisha apande boti mkutane Shela. Lakini maji yakiwa yamepwa boti inakaa chini, na zile ngazi za gati za mwisho zina mwani wa kijani, zinateleza kama sabuni. Mama yangu aliwahi kuanguka hapo. Mmoja ashuke mbele yake, mwingine amshike nyuma, na mwambie nahodha mapema kwamba unakuja na mtu mzima.

Na ile milima ya mchanga nyuma ya Shela, mtoto apande aone, lakini asing'oe majani. Mvua huingia mchangani pale, na maji ya visima vya Shela ndiyo tunayokunywa mjini.

BabaSwaleh (Shela)

Bi Zuhura, ahsante, umenikumbusha wajibu wangu. Naongeza moja. Takwa, mji wa kale kule Manda, ni kinyume cha Shela: mashua hupita mkono wa bahari katikati ya mikoko mpaka karibu na magofu, na hupita maji yakiwa yamejaa tu. Kwa hivyo siku ya bamvua mnaweza kutembea Shela asubuhi, mkala, mkaenda Takwa saa tisa, mkarudi kabla ya magharibi. Bibi akiweza mashua, akae katikati.

MamaRukia (Malindi)

Mungu awalipe nyote. BabaSwaleh, nimekuelewa kuhusu nyumba, na mpe mama salamu zangu. Nimemsomea Rukia habari ya wikio, amekwenda kuchukua kalenda ya ukutani anatafuta mwezi mpevu wa Agosti. Bibi yake anasema goti lake halina shida na mashua, lina shida na ngazi tu, kwa hivyo atashikwa na watu wawili kama Bi Zuhura alivyosema. Tiketi nitakata mwezi ukishajulikana.