Wasimamizi wa nyumba za kupanga Dar, tupeane uzoefu: wapangaji waliwahi kukutoa jasho lini?

Msimamizi_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kuamua ugomvi wa LUKU mpaka koo limekauka. Vyumba sita, mita moja, na kila mtu anaapa anawasha taa tu. Jiko la umeme tumelikuta uvunguni, bado la moto. Wenzangu mnaishije na hili?

BintiKimara: LUKU, maji, zamu ya kufagia uwanja. Kila nyumba ni hayo hayo.

Babu_Sinza: LUKU ina nafuu. Mpangaji wangu wa chumba na sebule aliniaga vizuri, anahama mwisho wa mwezi. Jumamosi asubuhi mjumbe ananipigia: "Njoo haraka, hapa watu watatoana roho." Nafika, kirikuu mbili zimeziba geti. Moja imeshashusha kabati na friji za kaka mmoja. Kwenye nyingine kuna mama kakaa juu ya godoro, mtoto mgongoni, hataki kushuka wala gari isogee. Wote wana mkataba, wote wamelipa kodi ya miezi sita na ya dalali juu. Kumbe yule mpangaji alikuwa anaonyesha watu chumba akijifanya ndiye mwenye nyumba, na dalali ni mwenzake. Simu zao hazipatikani. Yule mama alipoelewa hakulia, aliniuliza tu: "Sasa leo nalala wapi na mtoto?" Tukaenda serikali ya mtaa, kisha polisi. Nikamfungulia stoo ya nyuma akae bure kwanza. Yule kaka akarudisha vyombo kwa shemeji yake. Hela haijaonekana hadi leo.

NuruMbagala: Aisee. Huyo mama alipata chumba?

Babu_Sinza: Alipata, Manzese. Mjumbe alimtafutia.

Dalali_Mwananyamala: Poleni sana. Ila msituweke madalali wote kapu moja. Mimi mteja hatoi hata mia kabla hajaonana na mwenye nyumba, na mwenyekiti wa mtaa anajua.

MpangajiSugu: Na hela ya kuonyesha chumba je? Halafu mnabeba kodi ya mwezi mzima kwa kutembea mitaa miwili.

Dalali_Mwananyamala: Dada, mitaa miwili umeiona wewe. Kabla yako nimezungusha watu wangapi juani wakaondoka bila kuchukua?

BintiKimara: Turudi kwenye mada jamani. Mpangaji akihama, badilisha kitasa siku hiyo hiyo.

MpangajiSugu: Nami nina langu kwenu wasimamizi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Nyumba ya kawaida ilianza 1,000 kwa mwezi, ikapanda 1,500. Nyumba ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mimi. Nikiomba nipunguziwe kwenye kodi ya pango, mnanuna.

NuruMbagala: Ana haki kabisa. Mimi naipunguza na nimeiandika kwenye mkataba. Hela ndogo, lakini mpangaji akiona humuonei, hata bomba likipasuka anakupigia mapema.

Mkali_Ubungo: Mtawadekeza. Chukua miezi sita kwa mkupuo, vinginevyo kila mwezi utakuwa mlangoni kwa watu unadai.

NuruMbagala: Mama ntilie ataitoa wapi ya miezi sita kwa mpigo, kaka? Kwangu wanalipa mwezi mwezi, na vyumba havikai tupu.

Mkali_Ubungo: Asipolipa je? Mimi napiga kufuli.

Babu_Sinza: Usithubutu, mwanangu. Vyombo vyake vikipotea mle ndani utajibu wewe. Mpe notisi ya maandishi, pita serikali ya mtaa, ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na siku anapoingia chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya ndugu yake.

BintiKimara: Na mdhamini.

Dalali_Mwananyamala: Tabata, funga submita, yaani mita ndogo, kila chumba, huyo wa jiko alipie jiko lake.

Msimamizi_Tabata: Hilo nimelichukua. Nikae na mwenye nyumba kwanza, gharama ni yake. Kuna anayemjua fundi umeme mwaminifu huku Tabata?