Kutafuta mkutano wa wenzetu wanaoacha pombe: mtandaoni, soba au hapa hapa Tanga?

Fundi_Makorora
Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Nina miaka 43, ni fundi seremala, na nimekunywa gongo na mnazi kwa miaka 18. Kila asubuhi mikono hutetemeka hadi nashindwa kushika randa, na nikishazimua hutulia. Sitafuti mahubiri, natafuta watu waliopita hapa nilipo, wanaokutana kwa siku maalumu wakazungumza. Naona njia tatu: mikutano ya Alcoholics Anonymous (AA), umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha kunywa, kwa intaneti, vikao vya jioni vya nyumba za upataji nafuu, yaani soba, au kikundi cha nyumba ya ibada. Tatizo langu ni kwamba mji wetu ni mdogo nami ni Mwislamu: nikionekana naingia mahali alasiri, kabla ya isha habari imeshafika Barabara ya 20. Nianze na ipi?

Muuguzi_Mstaafu
Mwanangu, kabla hatujalinganisha mikutano, turudi kwenye hiyo mikono. Pombe hupoza ubongo, na ubongo uliopozwa kwa miaka mingi hujikaza kushindana nayo; ukiiondoa pombe ghafla, ule mkazo hubaki bila wa kuuzuia. Ndiyo maana mtu anaweza kupata degedege katika siku mbili za kwanza, na wengine kati ya siku ya pili na ya nne huweweseka na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kuua. Nenda Hospitali ya Bombo, umweleze daktari kiasi halisi unachokunywa bila kupunguza hata kibaba. Dawa za kukuvusha siku hizo zipo. Usije ukaelekezwa kwenye methadoni, kwani hiyo ni ya wanaoacha heroini, si pombe. Mkutano ufuate baada ya hapo.

Kamera_Imezimwa
Nakubaliana na Mama Muuguzi. Kuhusu mtandao, nahudhuria AA kwa simu kutoka Chumbageni kwa mwaka wa pili sasa. Hakuna ada, na sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Unatumia jina la kwanza, kamera unaizima, na hulazimishwi kusema neno. Kwa anayeogopa macho ya watu, sijaona kinachoizidi.

Kasoro zipo. Mikutano ninayoingia ni ya Kiingereza, na kifurushi huisha upesi. Kisha kuna suala la saa: mkutano wangu wa London huanza saa 12 jioni kwao, yaani saa 3 usiku kwetu, lakini Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa mbele, na kwetu ikawa saa 2. Mwaka jana sikulijua hilo. Niliingia saa 3 kama kawaida nikakuta wameshaagana, nikabaki nakodolea kioo kitupu huku dirishani nasikia chupa zinagongana baa ya jirani. Usiku ule nilinywa.

Kuhusu dini, hatua zao 12 za kuachana na pombe zinamtaja Mungu kwa namna kila mmoja anavyomfahamu, kwa hiyo mimi nasali yangu kimya. Asiyetaka kabisa habari hizo anaweza kujaribu SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, ambayo hufanya mazoezi ya kupambana na fikra zinazokuvuta kunywa. Mimi niliiona kama darasa, ila mpenda kalamu na karatasi huenda akaifurahia.

Mke_wa_Duga
Mume wangu alikaa soba miezi minne, sitaitaja ipi. Wengi mle walikuwa vijana wa heroini, naye kwa wiki nzima alikuwa akisema, "Mimi si teja." Vikao vya jioni ndivyo vilivyomfungua mdomo, lakini tulilipa kila mwezi na karakana ikafungwa. Kwa fundi anayetegemewa na familia, ningeiweka soba mwisho. Kikundi cha ibada sikijui, nisiseme.

Babu_Raskazoni
Fundi, umesahau njia ya nne. AA yenyewe ilianza na watu wawili huko Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson alikuwa hotelini, biashara imemharibikia na baa iko pale pale, akapiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, hadi akampata daktari, Bob Smith. Hadi leo desturi zao zinasema walevi wawili au watatu waliokutana ili waache kunywa wanaweza kujiita kikundi, maadamu hawajakifungamanisha na jambo jingine.

Mimi nina miaka 6 bila pombe. Tulikuwa wawili, kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa ufukweni na vikombe vya kahawa, na waliopita walidhani wazee wanapunga upepo. Mwenzangu amehamia Arusha. Nimebaki mmoja, na mmoja si kikundi.

Fundi_Makorora
Shikamoo Babu. Jumatatu nakwenda Bombo na dada yangu. Daktari akiniruhusu, nitakuandikia pembeni tupange Jumamosi. Nitakuja na baiskeli, msumeno umefungwa nyuma.

Babu_Raskazoni
Marahaba. Uje nao huo msumeno. Watadhani tunapatana bei ya kitanda.